Krismasi isiyoacha jaa nyuma: Maandalizi huanzia jikoni, si kwenye mapambo

KRISMASI inapobisha hodi, familia nyingi nchini huwa zimekwisha kuamua nani atasafiri, mbuzi atanunuliwa wapi na watoto watavalishwa nini. Jambo ambalo ni nadra kujadiliwa ni kile kitakachosalia wageni wakisharudi makwao: wali uliochacha sufuriani, lundo la sahani za kutupwa, chupa za plastiki na moshi wa takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba.

Wapo wanaodhani kwamba sikukuu inayojali mazingira ni anasa ya matajiri, au wazo la kigeni linalohitaji bidhaa maalumu za bei ghali. Ukweli ni kinyume cha hayo. Hatua zenye uzito mkubwa zaidi hazimlazimu mtu kununua kitu chochote kipya. Zinamtaka anunue kwa kipimo, apike kwa kipimo na afikirie mapema kila kitu kitaishia wapi.

Aidha, uharibifu mkubwa haumo katika mapambo yanayoonekana sebuleni. Umo sufuriani, mekoni na katika shimo la taka. Familia inayolielewa hilo huyanusuru mazingira na papo hapo huingia Januari, mwezi wa karo na sare za shule, ikiwa na akiba.

Taka huenda wapi?

Jijini Nairobi, sehemu kubwa ya taka zinazokusanywa huishia Dandora, jaa lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1970 na ambalo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001. Zaidi ya miongo miwili baadaye, malori yaliendelea kumwaga taka papo hapo, kando ya Mto Nairobi na karibu na makazi ya watu na shule. Mtu anayetupa chakula Westlands au Lang'ata hakiondoi duniani. Anakihamishia tu kwa mwenzake anayeishi Dandora au Korogocho.

Zaidi ya nusu ya taka zinazotoka katika nyumba za mijini ni vitu vya kuoza, yaani maganda, majani na mabaki ya chakula. Vitu hivyo vikirundikwa pamoja na kukosa hewa, vijidudu huvivunjavunja na kutoa gesi ya methani. Katika kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani hunasa joto angani takriban mara 28 kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Kwa hivyo ugali na wali vinavyotupwa si uchafu tu, bali pia huchangia mabadiliko ya tabianchi ambayo mkulima wa humu nchini huyaona katika misimu ya mvua isiyotabirika.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, lilieleza katika ripoti yake ya 2024 kwamba ulimwengu ulitupa tani bilioni 1.05 za chakula mwaka wa 2022. Asilimia 60 ya chakula hicho ilitupwa na watu majumbani mwao, wala si na hoteli au maduka. Maana yake ni kwamba ufunguo wa tatizo hili umo mikononi mwa anayeshika mwiko.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapotokea, za kuoza zikiwekwa mbali na zisizooza. Mnamo Aprili 2024, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilitoa agizo kwamba taka za kuoza zikusanywe katika mifuko ambayo yenyewe inaweza kuoza.

Mashambani, ambako lori la taka halifiki, mambo ni tofauti lakini si mepesi. Huko maganda huliwa na mifugo au hurudi shambani, na hilo ni jambo jema. Tatizo ni mzigo wa plastiki unaowasili na jamaa kutoka mjini kila Desemba. Wageni wakiondoka, plastiki hiyo huchomwa shimoni. Baadhi ya plastiki, hususan zile za aina ya PVC, zinapoungua kwa moto hafifu hutoa sumu ziitwazo dioksini, na wa kwanza kuzivuta ni nyanya na wajukuu walioketi karibu.

Hesabu ya sufuria

Maandalizi yanapaswa kuanza kwa swali moja: ni watu wangapi watakaokula? Swali hilo huonekana dogo, lakini wapishi wengi hulijibu kwa kukisia, na kisio la sikukuu huwa daima kubwa kupita kiasi.

Chukua mfano wa familia yenye watu wazima 8 na watoto 4. Gramu 100 za mchele mkavu humtosha mtu mzima, na nusu ya kiasi hicho humtosha mtoto. Kwa hivyo kilo 1 ya mchele inaitosha familia hiyo yote. Pakiti ya kilo 2 ya unga wa ngano hutoa takriban chapati 25 za kawaida, na hizo ni zaidi ya mbili kwa kila mtu. Nyama yenye mifupa, kwa kadirio la robo kilo kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, ni kilo 2 na nusu. Na maadamu wali na chapati vitaandaliwa pamoja, kila kimoja kinaweza kupunguzwa.

Sasa linganisha hesabu hiyo na mbuzi mzima. Mbuzi mwenye uzani wa kilo 30 akiwa hai hutoa kilo 13 hadi 15 za nyama na mifupa akishachinjwa na kuchunwa. Kwa kipimo cha robo kilo, nyama hiyo inawatosha zaidi ya watu wazima 50. Familia ya watu 12 isiyo na jokofu inayochinja mbuzi peke yake, kwa hakika, imeamua mapema kwamba nyama nyingine itaharibika.

Suluhisho halimo katika vitabu vya kigeni. Desturi ya majirani kuchanga pesa, kununua ng'ombe au mbuzi mmoja na kugawana nyama ingali hai katika maeneo mengi ya nchi. Desturi hiyo huokoa pesa, huhakikisha kwamba nyama inaliwa siku hiyo hiyo na hupunguza idadi ya wanyama wanaochinjwa. Familia ndogo inaweza kuchagua kuku wawili wa kienyeji. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba, kwa wastani wa dunia nzima, nyama ya ng'ombe huzalisha gesi zinazoongeza joto mara kadhaa zaidi ya nyama ya kuku.

Fauka ya hayo, mnyama aliyechinjwa anastahili kuliwa wote. Kichwa na miguu hufaa kwa supu, matumbo husafishwa yakapikwa, nayo mutura haimwachi mchinjaji hivi hivi. Hata ngozi, ambayo katika boma nyingi hutupiwa mbwa, inaweza kutandazwa kivulini, ikapakwa chumvi na kuuzwa kwa wanunuzi wa ngozi.

Moto nao una gharama

Sensa ya mwaka wa 2019 ilibainisha kwamba asilimia 55.1 ya nyumba nchini zilitumia kuni kama nishati kuu ya kupikia, asilimia 23.9 gesi ya mitungi na asilimia 11.6 makaa. Hivyo basi, nyumba mbili kati ya kila tatu zilipika kwa kutegemea mti uliokatwa mahali fulani.

Makaa ndiyo yenye hasara fiche. Katika tanuri za udongo zinazotumiwa na wachomaji wengi, kilo 6 hadi 10 za mti huteketea ili kupata kilo 1 ya makaa. Gunia linalonunuliwa kwa ajili ya nyama choma ya Krismasi limebeba ndani yake mti ambao mnunuzi haoni.

Kuna njia za kupunguza mzigo huo bila kuwanyima watu chakula cha moto. Jiko la makaa lenye ukuta wa udongo uliochomwa ndani ya bati, ambalo lilianza kuenea nchini katika miaka ya 1980, hutumia makaa pungufu kwa thuluthi moja hadi nusu ikilinganishwa na jiko la bati tupu. Kuni zilizokauka vyema huwaka kwa joto zaidi na moshi kidogo, kwa hivyo kuni za Desemba 25 zapaswa kupasuliwa na kuanikwa tangu mwanzo wa mwezi.

Maharagwe na mahindi ya githeri yakirowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi. Sufuria iliyofunikwa huokoa moto. Na kwa chakula kinachochukua muda mrefu, kikapu cha kupikia bila moto bado hakijapata mshindani. Kikapu hicho cha kawaida hutandikwa mto uliojazwa sufi au vipande vya nguo kuukuu. Maharagwe yaliyorowekwa huchemshwa motoni kwa dakika 20, kisha sufuria huingizwa kikapuni ikiwa imefunikwa na kuzibwa kwa mto mwingine. Joto lililomo ndani huendeleza kazi ilhali jiko limezimwa. Wali nao, maji yakishachemka, huiva humo chini ya saa moja.

Kiporo: Neema au hatari?

Hata hesabu nzuri huacha mabaki. Wahenga walinena kwamba akiba haiozi, lakini walikuwa wakizungumzia akiba iliyohifadhiwa. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Wali, hasa, huweza kuwa na bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kupikwa, na ambao huzaliana upesi chakula kikiachwa mezani tangu adhuhuri hadi jioni.

Wenye jokofu wanashauriwa kugawa chakula katika vyombo vipana visivyo na kina ili kipoe haraka, kisha kukifunika na kukihifadhi. Kiporo kipashwe moto hadi kitoe mvuke kote, tena mara moja tu. Wasio na jokofu wana njia ya kale iliyo bora kuliko mashine: kumtumia jirani sahani mapema, chakula kikiwa bado kizuri. Kumpa mtu chakula saa nane mchana ni ukarimu. Kumpa chakula hicho hicho usiku wa manane ni kumhamishia tatizo.

Maganda na masalio yasiyolika yafanywe mboji. Kinachohitajika ni shimo dogo, au pipa kuukuu lililotobolewa matundu. Tabaka la maganda mabichi hufuatwa na tabaka la majani makavu, unga wa mbao au vipande vya katoni, vikavu vikiwa mara mbili au tatu ya vibichi kwa ujazo. Rundo hugeuzwa kila wiki ili hewa ipite, na hunyunyiziwa maji likikauka. Mifupa, nyama na mafuta visitiwe humo kwa kuwa huvuta panya na mbwa.

Katika muda wa miezi mitatu hivi, mchanganyiko huo huwa mbolea nyeusi isiyo na harufu mbaya. Maganda ya viazi vya Desemba 25 huwa tayari kuingia shambani mwishoni mwa Machi, wakati ule ule ambapo wakulima wengi hungojea mvua ndefu.

Mti gani usimame sebuleni?

Desturi ya kupamba mti wakati wa Krismasi ilianzia Ujerumani na nchi jirani yapata karne ya 16, ikaenea Uingereza katika karne ya 19 na kufika Afrika Mashariki pamoja na wamishenari na walowezi. Katika nyanda za juu za Kenya, mti uliochukua nafasi hiyo ni saiprasi, ambao asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni iwapo mti bandia ni bora kuliko mti halisi. Shirika la Carbon Trust la Uingereza lilikadiria kwamba mti bandia wa mita 2 husababisha gesi sawa na kilo 40 za kaboni dayoksaidi, nyingi zikitokana na utengenezaji wa plastiki yake. Mti halisi wa kimo hicho, usio na mizizi, husababisha kilo 16 ukitupwa jaani na kuozea humo, lakini kilo 3.5 pekee ukichomwa au ukikatwakatwa vipande vya kutandazwa bustanini.

Makadirio hayo ni ya Uingereza, lakini funzo lake linavuka mipaka. Aliye na mti bandia tayari asiutupe. Autumie miaka 10 au zaidi, hadi utakaposhindwa kusimama. Asiye nao hana sababu ya kununua. Na mwenye kutaka mti halisi azingatie mambo mawili: umetoka wapi na utaishia wapi.

Kuhusu utokako, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka wa 2016 hairuhusu mtu kukata mti katika msitu wa umma bila idhini. Mti unaouzwa kando ya barabara bila maelezo yoyote huenda umeibwa msituni. Ilhali ukweli ni kwamba saiprasi imejaa katika nyua za maboma mengi, na nyua hizo zinahitaji kupunguzwa. Tawi moja kubwa lililopogolewa kutoka kwenye ua, likasimamishwa katika ndoo ya mchanga wenye maji, hufanya kazi ile ile bila mti wowote kufa. Wakazi wa Pwani wanaweza kutumia tawi la mvinje. Sikukuu ikipita, tawi huwa kuni na majani yake hutandazwa chini ya migomba.

Chaguo jingine ni mti ulio hai ndani ya chungu, ambao unaweza kurudi sebuleni mwaka baada ya mwaka.

Mapambo na taa

Desemba ni mwezi ambao maumbile yenyewe hujipamba. Poinsetia hukokoa majani mekundu katika bustani nyingi za nyanda za juu, nayo bogenvilia huchanua katika nyua za mijini na Pwani. Mbegu kavu za misonobari, shanga, makuti yaliyosukwa na vipande vya kitenge vilivyobaki kwa fundi cherehani hutosha kupamba nyumba nzima. Watoto walio likizoni wakikabidhiwa kazi hiyo, hupata shughuli ya siku mbili.

Vinavyofaa kuepukwa ni vimetameta vya unga, ambavyo ni chembe ndogo mno za plastiki zisizoweza kuokotwa zikishamwagika, pamoja na puto ambazo hupasuka na kuachwa nyasini, ambako ng'ombe na mbuzi huzimeza.

Taa ndogo za mtini zimelaumiwa kuliko zinavyostahili. Mkufu wa taa za LED unaotumia wati 7, ukiwashwa saa 5 kila usiku kwa siku 20, hutumia uniti 0.7 za umeme. Mgeni mmoja anayeoga kwa dakika 10 chini ya hita ya papo hapo ya wati 5,000 hutumia zaidi ya uniti 0.8. Hivyo basi, kuzima taa za mti na kuacha hita ikitiririsha maji ni kuokota sindano na kuacha shoka.

Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na vyanzo safi kama vile mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Hata hivyo, jioni watu wanapowasha kila kitu kwa pamoja, mitambo inayochoma mafuta huitwa kusaidia. Kupiga pasi, kuoga na kufua mchana badala ya saa mbili usiku kuna manufaa ambayo hayaonekani kwenye bili lakini yapo.

Zawadi zinazodumu

Wanasesere na magari ya plastiki yanayotumia betri huuzwa kwa wingi msimu huu, na mengi huharibika kabla shule hazijafunguliwa. Betri zilizotupwa ovyo hupasuka na kuachilia kemikali udongoni. Mzazi anapochagua mchezo wa mtoto ajiulize: je, ukiharibika unaweza kurekebishwa?

Mpira mzuri, kamba ya kuruka, kitabu cha hadithi au baiskeli kuukuu iliyokarabatiwa na fundi wa mtaani hudumu zaidi. Mkoba na viatu vya shule, ambavyo vingenunuliwa Januari kwa vyovyote, vinaweza kufungwa kama zawadi na bado vikamfurahisha mtoto.

Karatasi zinazong'aa za kufungia zawadi mara nyingi huwa zimepakwa plastiki au utando wa madini, kwa hivyo haziwezi kurejelewa viwandani. Badala yake, leso inatosha. Huifunga zawadi vizuri, nayo yenyewe huwa zawadi ya pili kwa mama au shangazi, ikiwa na jina lake lililochapishwa kwa ajili ya kumfikishia ujumbe.

Vyombo, vinywaji na mifuko

Agosti 28, 2017, Kenya ilianza kutekeleza marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, yenye adhabu ya faini ya Sh2 milioni hadi Sh4 milioni au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne kwa wanaokiuka. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku pia katika mbuga, fuo na misitu iliyohifadhiwa. Familia zinazopanga kushinda ufuoni au mbugani siku inayofuata Krismasi hazina budi kulikumbuka hilo zinapofungasha maji na vitafunio.

Hata hivyo, mifuko mingi inayofanana na kitambaa iliyochukua nafasi ya ile ya zamani imefumwa kwa nyuzi za plastiki. Haina ubaya ikitumiwa mara nyingi. Ubaya wake ni kununuliwa mpya kila siku. Kiondo au kikapu cha ukili kikitundikwa mlangoni, mtu hakisahau anapoenda sokoni.

Sahani na vikombe vya kutupwa hupendwa kwa kuwa hupunguza kuosha. Lakini vyama vingi vya akina mama vina sahani, vikombe, sufuria na hata mahema ya kukodisha, na pesa zinazolipwa hubaki kijijini. Uoshaji nao hurahisishwa na mabeseni matatu: la kwanza la kukung'utia masalio, la pili la maji ya sabuni na la tatu la kusuuzia. Maji ya mwisho humwagiwa miche.

Kwa vinywaji, soda ya chupa ya kioo inayorudishwa dukani huacha taka chache kuliko ya plastiki. Na kwa vile Desemba ni msimu wa maembe katika Pwani na Makueni, sharubati ya nyumbani ni nafuu, tamu na haina chupa ya kutupa.

Mche mmoja unaoishi

Serikali ilizindua mwaka wa 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Tangu 2024, Oktoba 10 huadhimishwa kama Siku ya Mazingira. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka wa 1977 na kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004, aliwafundisha wanawake wa mashambani kwamba mti unaohesabiwa ni ule ulioshika.

Funzo hilo lina uzito wa pekee wakati wa Krismasi. Familia iliyokusanyika nyumbani ina mikono mingi ya kuchimba mashimo, lakini mvua za vuli huwa zinaelekea ukingoni, na Januari na Februari ni miezi ya kiangazi katika sehemu nyingi. Mche unaopandwa Desemba 26 na kuachwa bila mlezi hukauka kabla ya Machi.

Kwa hivyo ni heri kupanda miche miwili yenye mtu wa kuimwagilia kuliko 20 ya kupigwa picha. Shimo lipandwe karibu na mahali pa kuoshea vyombo, shina lizungushiwe matandazo ya nyasi kavu, na chupa ya plastiki iliyotobolewa ifukiwe kando yake ili idondoshe maji polepole. Mparachichi uliopandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Mtoto aliyeupanda akiwa darasa la pili atauchuma kabla hajamaliza shule ya msingi.

Kikwazo ni fahari

Hakuna katika haya yote lililo gumu kutekeleza. Kikwazo kikubwa ni fahari. Katika jamii nyingi, sufuria inayobaki tupu huchukuliwa kuwa aibu ya mwenyeji, na jamaa aliyetoka mjini bila katoni za vitu hudhaniwa kuwa ameshindwa na maisha. Ndiyo maana mipango hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja jikoni. Inafaa izungumzwe mapema, kwa heshima, na wazee wakishirikishwa. Kwa kawaida wazee ndio wepesi zaidi kuielewa, kwa kuwa walilelewa wakati ambapo hakuna kitu kilichotupwa bomani.

Mwanzoni mwa Desemba idadi ya wageni ithibitishwe, kuni zipasuliwe na shimo la mboji lichimbwe. Wiki moja kabla ya sikukuu, vyombo vikodishwe na majirani wakubaliane kuhusu nyama. Siku mbili kabla, ununuzi ufanywe kwa orodha iliyoandikwa, kikapu mkononi. Usiku wa kuamkia Krismasi, maharagwe yarowekwe.

Mgeni aliyealikwa kwa moyo mkunjufu hahesabu mabaki yaliyosalia sufuriani. Hukumbuka kwamba alishiba na kwamba alikaribishwa. Mwenye nyumba naye atakumbuka, shule zitakapofunguliwa, kwamba pesa ambazo zingeozea shimoni ndizo zilizonunua vitabu.